Ua Mwenyewe

Wiki iliyopita niliwaacha mkono wangu ukiwa juu ya gunia.

Nilikuwa nimejifungia kwenye stoo ya shamba langu kama mwizi wa kuku, natafuta mkasi wa kupogolea, na nyuma ya mifuko ya mbolea vidole vikagusa kitu baridi, kipana, kizito, kimefungwa gunia na kushonwa kwa kamba. Kitu ambacho sikukiweka mimi.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa karanga kabla hawajalisoma, nawapa njia ya mkato.

Mimi ni mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, yule anayewaambia kwamba treni imechelewa kwa sauti ya mtu anayewapa habari njema. Ndiyo maana mji mzima unaniita Kipaza. Nilipostaafu, kiinua mgongo changu chote kikaingia ardhini: mabanda mawili ya plastiki yenye mawaridi na uwanja mmoja wa alizeti, katika shamba aliloniachia marehemu baba. Mtaalamu wetu ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kijana aliyesomea maua chuoni mpaka akafikia hatua ya kuyaamkia.

Maua peke yake yalitutia hasara. Wachuuzi walikuwa wanayachukua kwa bei ya majani. Ndipo tukaamua kuuza shamba bila kuliuza: watu walipe kiingilio getini, watembee kati ya maua, wanywe chai kivulini, wapigwe hadithi na mimi, kisha waondoke na shada. Wageni wa kwanza, mnakumbuka, walifukuzwa na nyuki hadi barabara kuu, na mmoja hajarudi mpaka leo kuchukua kiatu chake. Wa pili niliwaambia kwamba alizeti zetu humgeukia mume asiye mwaminifu. Bwana mmoja akapita, upepo ukavuma. Ndoa ile ikavunjikia pale pale.

Ikabaki nafasi moja tu. Mwanamke tunayemwita Mama Hoteli, kwa sababu hoteli yake ndiyo kubwa kuliko zote mjini, alikubali kuja Jumamosi na wageni wake. Akipenda, ataleta wageni kila wiki, na vyumba vyake vyote vitapambwa kwa maua yetu. Asipopenda, shamba linakwenda kwa mfyatua matofali, ambaye alishaanza kuushika udongo wangu na kuunusa kama mtu anayechagua nyama.

Basi. Nikafumua kamba, nikavuta gunia.

Lilikuwa bamba la chuma, limepakwa rangi nyeupe. Juu yake herufi nyekundu, kubwa, mbichi kama jeraha:

UA MWENYEWE.

Nikasoma mara ya kwanza, nikacheka. Nikasoma mara ya pili, kicheko kikanirudia kooni na mate yake.

Mtasema: Kipaza, si ua tu hilo, la kunusa? Nami nilijiambia hivyo. Nilijaribu kulisoma kwa upole, kwa sauti ya mama anayembembeleza mtoto. Haikusaidia. Ua la kunusa lingekuwa ua lenyewe. Hakuna ua duniani linaloitwa mwenyewe. Mwenyewe ni mtu. Na katika shamba lile mwenyewe ni mmoja tu, na wakati huo alikuwa amepiga magoti nyuma ya mifuko ya mbolea, kijasho chembamba kinamtoka.

Nikauliza ukuta: muuaji gani anaandika tangazo?

Ukuta haukujibu, ila nilijijibu mwenyewe. Shemeji yangu ni msomi, na wasomi hawafanyi jambo bila kibao. Amebandika vibao kila mahali: USIKANYAGE, USIGUSE, NAWA MIKONO. Kwa nini hili nalo asiliandikie?

Nikalifunga gunia kama lilivyokuwa. Nikatoka kinyumenyume.

*

Mezani mke wangu aliniwekea chai.

"Kunywa, baba watoto, inapoa."

"Ionje kwanza."

"Niionje? Mimi mpishi wa mfalme?"

"Onja tu. Usije ukawa umesahau sukari."

Akaonja, akaniangalia kama mtu anayetazama redio iliyoanza kukoroma. "Sukari ipo."

"Tubadilishane vikombe."

"Changu hakina sukari, na wewe bila sukari hata salamu huitikii."

"Lete tu."

Akanisukumia chake bila kubisha. Hapo ndipo roho iliponipaa. Mbona amekubali upesi hivyo? Je, kama alijua nitaomba tubadilishane? Nikavirudisha vikombe. Nikafikiri tena, nikavigeuza. Mwishowe sikujua kipi ni kipi, nikamwagia vyote viwili kwenye chungu cha waridi dirishani.

"Umeanza kuzeeka vibaya," mke wangu akasema. "Wenzako huanza kusahau funguo. Wewe umeanza kusahau koo."

Lile waridi nililitazama asubuhi nzima. Halikunyauka. Lakini halikuchanua pia, na mimi nikaliandika kama shahidi asiyetaka kuingizwa kwenye kesi.

Baadaye nikamsikia mke wangu uani, anaongea na simu. Nikajibanza nyuma ya mlango. Aliyezoea kusema sana akiamua kusikiliza, husikiliza kwa mwili mzima.

"Ndiyo, limefika," alisema. "Lipo stoo, halijafunguliwa. Hapana, hajaliona. Mzee asijue kitu mpaka Jumamosi." Akacheka kidogo. "Nataka niuone uso wake mbele ya watu."

Jamani. Wanawake wengine huwaua waume zao kimyakimya, kwa heshima. Wangu amealika wageni.

*

Nikaenda bandani kumpima shemeji. Nilimkuta kainama juu ya mstari wa mawaridi, kavaa aproni yake ya kijani, mkasi unalia *kwa, kwa, kwa*.

Mkasi wangu. Ule ule niliokuwa nautafuta.

"Karibu, Shemeji," akasema bila kugeuka. "Njoo uone hii."

"Naiona nikiwa hapa hapa mlangoni."

"Hii imezeeka. Inakula chakula cha bure tu. Ukiihurumia, inayaua machipukizi yote."

"Hata kama ndiyo iliyoanzisha shamba?"

"Hasa hiyo." *Kwa!* Tawi likaanguka. "Ukikata mapema haisikii hata maumivu."

Nikajikaza kisabuni. "Sasa, Shemeji, hiyo Jumamosi mmejipangaje?"

Akanyanyuka, akajifuta mikono, akatabasamu. Shemeji yangu ana meno mazuri sana. Siku hiyo niliyaona mengi mno.

"Wewe Jumamosi usikae getini," akasema. "Nimekuchorea alama ya chokaa pale mbele ya banda. Utasimama hapo. Usisogee mbele wala nyuma."

"Alama ya nini?"

"Ya wewe kusimama."

"Kwa nini nisisogee?"

"Kwa sababu dada amesema." Akaangalia pembeni. "Usiniulize zaidi, Shemeji. Nimeapa."

Ameapa! Mtu anaapa kwa ajili ya mambo mangapi katika maisha yake? Ndoa, mahakama, na mauaji. Ndoa hana, mahakamani hajafika.

*

Jirani yangu ni askari mstaafu. Tunamwita Koplo, na sasa anafuga bata, ambao huwapanga mistari kila asubuhi na kuwakagua. Nilimkuta anamgombeza mmoja kwa kutoka nje ya mstari.

"Koplo, nataka kuuawa."

"Nani hataki, kwa maisha haya," akajibu.

Nikamweleza yote: kibao, chai, simu, alama ya chokaa, kiapo. Alisikiliza huku kafumba jicho moja, kama mtu anayelenga shabaha.

"Kibao hicho umekichukua?"

"Nimekiacha stoo."

"Vizuri. Ungekichukua, wangesema umeandika wewe. Kwa mdomo ulionao, Kipaza, nani angekuamini? Si wewe uliyewahi kuutangazia mji kwamba uliisimamisha treni kwa chafya?"

"Ile ilikuwa kweli. Dereva alidhani ni honi."

"Ndiyo maana nasema." Akaniwekea mkono begani. "Waache wakitundike. Waache wasimame nacho. Mwizi hukamatwa na ngozi mkononi. Mimi nitakuja nimejificha miongoni mwa wageni. Nitavaa kofia ya kitalii. Wakianza tu, napiga filimbi."

"Wakianza tu? Na wakimaliza je?"

"Ukiona wanakaribia kumaliza, na wewe piga kelele."

Mpango wenyewe ndio huo. Nikawa na siku za kungoja kifo changu huku nikipalilia alizeti zitakazokiangalia.

*

Jumamosi jua lilitoka zuri kama siku ya harusi ya mtu mwingine.

Mama Hoteli alifika na gari lake refu jeusi, nyuma yake basi dogo limejaa wageni: wanawake wenye miwani ya jua, wanaume wenye kamera, bibi mmoja mwenye fimbo aliyesema maua yanamkumbusha mazishi. Mama Hoteli ni mwanamke mnene, mpole wa sura, mkali wa macho. Alivua glovu, akashika jani la waridi, akaligeuza kutazama upande wa chini. Wajuaji ndivyo wanavyotazama maua, na wanunuzi wa mali ndivyo wanavyotazama watu.

"Nani mwenyewe hapa?" akauliza.

Nikatazama nyuma yangu, kana kwamba yupo mwingine.

"Huyu hapa, mama!" Shemeji akanisukuma mpaka kwenye alama ya chokaa. "Simama hapo hapo, Shemeji. Vizuri."

Nikasimama. Jasho likanitiririka mgongoni mpaka kwenye soksi. Kwenye kundi nikamwona Koplo na kofia yake ya kitalii yenye manyoya ya bata, anajifanya kupiga picha kwa simu isiyo na kamera. Pembeni alisimama fundi wa mabango wa mjini, kijana mwenye rangi kwenye kucha, kifua mbele, kama mtu anayengoja sifa. Kumbe na yeye yumo, nikajiambia.

Mke wangu akasimama mbele ya kile kitu. Fundi alikuwa amekitundika kwenye nguzo mbili na kukifunika shuka. Alivaa gauni la sherehe. Nikasema moyoni, angalau amenivalia.

"Wageni wetu," akaanza, "leo nataka kumshangaza mume wangu. Jambo mtakaloliona hapa ni wazo lake. Siku moja, kwa masihara yake, alilisema mezani. Alishalisahau. Mimi sikusahau. Leo ninyi ndio mtakaolitimiza!"

Wageni wakapiga makofi. Shemeji akapita katikati yao na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na mikasi. Mikasi mipya, inang'aa, mingi kama samaki wavuni.

"Kila mtu achukue wake," alisema Shemeji. "Msiogope, ni mikali."

Bibi wa fimbo akachagua mkubwa kuliko yote.

Mke wangu akawageukia wageni, mgongo kwa kibao, akavuta shuka kwa nyuma. "Haya, wapendwa! Fanyeni kama kibao kinavyosema!"

UA MWENYEWE.

Makofi yakafa. Watu wakasoma, wakaangalia mikasi yao, wakaniangalia mimi kwenye alama ya chokaa.

"Mwenyewe si ni huyu mzee?" bwana mmoja wa kamera akanong'ona.

"Tunamwanzia wapi?" akauliza bibi wa fimbo.

Filimbi ikalia. Koplo akaruka, kofia ikaanguka. "Hakuna kusogea! Mikasi chini! Mko chini ya ulinzi, nyote, pamoja na dereva!"

Ndipo sauti yangu ikatoka. Ile sauti ya stesheni, iliyokuwa inafika mpaka mabehewa ya mwisho.

"Tahadhari! Tahadhari! Kuna muuaji kwenye shamba hili, na amevaa aproni ya kijani! Huyo hapo! Nilimpa nyumba, nikampa maua, naye amenichorea pa kufia kwa chokaa! Ameula mkono wangu mpaka kiwiko, sasa anataka shingo! Shemeji, umekwisha! Na wewe..." Nikamgeukia mke wangu, lakini hapo pumzi ikapungua. "Na wewe pia, mama watoto, kwa kiasi."

Bata wa Koplo walisikika ng'ambo ya ua.

Mke wangu aliniangalia. Kisha, polepole, akageuka kukisoma kibao. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Chuma iko wapi?" akapiga kelele. "Fundi! Chuma iko wapi?"

Fundi wa mabango akasogea mbele kwa heshima, akakigonga kibao kwa kidole. *Ngwaa.*

"Si hii hapa, mama? Chuma tupu. Hakiozi hiki."

"Nilikuambia uandike chuma!"

"Na nimeandika kwenye chuma, mama. Kwenye simu ulisema: 'Andika chuma, ua mwenyewe.' Nikakuuliza, 'Chuma?' Ukasema, 'Eeh, chuma, husikii?' Mimi nilikuwa na ubao mzuri wa mninga, wa bei rahisi. Lakini mteja kasema chuma, nikatafuta chuma."

"Chuma ua mwenyewe!" mke wangu akalia. "Kila mgeni achume ua kwa mkono wake! Mume wangu ndiye aliyesema, tukichoka kuchuma si waje wachume wenyewe!"

"Aa," fundi akasema. Akakitazama kibao. "Aa. Nami nilisema, wateja wengine wana mambo mazito."

Aliyeanza kucheka ni bibi wa fimbo. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo. Kisha bwana wa kamera, kisha basi zima. Koplo alikuwa bado anapokonya mikasi. Mama Hoteli alivua miwani akafuta machozi kwa glovu.

"Mzee," akasema alipopata pumzi, "nimetembea mashamba mengi. Kote ni maua na chai, maua na chai. Sijawahi kuona mchezo kama huu. Nani kautunga?"

Mungu anisamehe. "Mimi, mama," nikasema.

"Nautaka kila Jumamosi. Kibao hicho hicho msikiguse. Na watu hawa hawa: mzee, mama, askari wa bata, na muuaji. Tena muuaji hasa, maana nimeona ndiye anayeyajua maua. Huyo akikosekana, mimi sina biashara hapa."

Mnajua ilivyo pale dunia inapokugeukia kwa uso mzuri? Nilisikia shamba linavuta pumzi chini ya miguu yangu. Nikamtafuta Shemeji kwa macho ili tukumbatiane.

Alikuwa amevua aproni. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya sinia tupu.

"Mtafuteni muuaji mwingine," akasema, akaondoka.

*

Tulimkuta nyuma ya tangi la maji, mimi na mke wangu. Wageni walikuwa wanachuma maua na kucheka upande wa pili wa banda.

"Shemeji," nikaanza, "ni kibao kile..."

"Kibao hakikuandika jina langu."

"Alama ya chokaa..."

"Ni ya picha. Dada alitaka upigwe picha na kibao chako." Alikuwa anaongea taratibu, na ningependa angefoka. "Umemshuku mkeo, lakini umemtaja mwisho, tena ukapunguza. Mimi umenitaja kwanza. Hukusita hata kidogo, Shemeji. Kumbe siku zote neno lilikuwa mdomoni, linangoja treni tu."

Mke wangu alinikata jicho ambalo bado lina alama.

"Baba watoto, miaka yote hii nakupikia," akasema. "Ningetaka kukuua, ningengoja kibao? Huyu ni mdogo wangu. Ameyainamia maua yako mpaka mgongo umekataa kunyooka. Akitoka hapa, mawaridi yatamfuata, na mama yule atayafuata mawaridi, na wewe utabaki unawatangazia matofali. Mwombe radhi."

"Samahani, Shemeji."

"Hapana," mke wangu akasema. "Umemtukana mbele za watu kwa sauti ya stesheni. Mwombe radhi mbele za watu, kwa sauti ile ile."

Basi nikarudi kwenye alama yangu ya chokaa. Nikapiga magoti kwenye tope. Wageni wakakusanyika wakidhani ni sehemu ya pili, Mama Hoteli akiwa mbele.

"Tahadhari!" nikatangaza. "Marekebisho ya tangazo lililopita! Shemeji yangu huyu hana doa. Yeye ndiye aliyeyafanya maua haya yawe maua. Na mimi, Kipaza, naapa mbele yenu na mbele ya Koplo: nikimshuku tena kijana huyu, kwa neno au kwa nusu neno, hata nikimkuta amesimama juu ya kitanda changu na panga, basi nikose la kusema maisha yangu yote, na mke wangu awe huru kurudi kwao!"

"Nimesikia!" Koplo akasema.

"Na mimi nimesikia," mke wangu akasema, kwa namna isiyonipendeza.

Shemeji akanishika mkono, akaniinua. Nilidhani atanisumbua, aninunie mpaka jioni. Ningekuwa mimi, ningenuna mpaka masika.

"Yameisha, Shemeji," akasema. "Yameisha kabisa."

Upesi hivyo. Kama mtu mwenye haraka ya kwenda mahali.

Lakini sikusema kitu. Nilikuwa nimeapa, na kiapo kilikuwa bado cha moto. Watu wakapiga makofi, mke wangu akafuta machozi, na Mama Hoteli akanipa mkono wake laini akasema tumekubaliana. Mfyatua matofali, niliyemwona amesimama nje ya seng'enge tangu asubuhi, akawasha pikipiki yake akaenda zake. Moyo wangu ukatua.

Wageni wakapanda basi na mashada yao. Mama Hoteli alikuwa ameagiza ndoo mbili za mawaridi mekundu za kupeleka hotelini. Shemeji alizichukua zote mbili. Nikamnyang'anya moja.

"Lete, Shemeji. Leo mtumishi ni mimi."

"Acha, nitabeba."

"Huyu naye! Lete."

"Shemeji, acha, nasema! Wewe nenda kaagane na wageni."

Mimi tena? Nilikuwa nina furaha, na mtu mwenye furaha hazuiliki. Nikaibeba ndoo yangu mpaka kwenye lile gari refu jeusi. Dereva hakuwa na habari na mtu. Akabonyeza kitu, na buti likafunguka lenyewe taratibu, kama jicho la mtu anayeamka.

Ndani kulikuwa na begi. Begi la kahawia lenye pembe zilizochunika. Nalijua begi lile, nilimnunulia Shemeji mimi mwenyewe siku anaondoka kwenda chuoni. Lilikuwa limejaa mpaka zipu inalia.

Na begi halikuwa peke yake. Kando yake, yamelazwa kama watoto waliolala, yalikuwa mafungu ya vijiti vya mawaridi, vimekatwa mshazari, vibichi, vimefungwa magunia yaliyoloweshwa maji. Vijiti vya kupanda. Kila aina tuliyonayo bandani. Maji yalikuwa yamekwisha kuchuruzika mpaka kwenye zulia la buti na kutengeneza doa pana, na doa hilo halikuwa la sasa hivi. Lilikuwa la asubuhi, kabla ya kibao, kabla ya filimbi, kabla sijamtukana mtu.

Nikageuka. Shemeji alisimama nyuma yangu na ndoo yake. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Upande wa pili wa gari Mama Hoteli alikuwa amekwisha kaa kiti cha nyuma, mlango wake wazi, anamsogezea mtu nafasi.

Nikafungua mdomo.

"Mzee!" mke wangu akaita kutoka getini, kwa furaha, na Koplo yuko pembeni yake. "Mbona umeganda hapo? Kuna nini ndani ya gari? Sema basi!"